Feruzi Ikigeuka Kijivu: picha za mandhari za Unguja na Pemba, kwa rangi na bila rangi

Chukua picha ya pwani ya Paje, mashariki mwa Unguja, iliyopigwa adhuhuri, maji ya feruzi chini, mbingu ya samawati juu, kisha bonyeza kitufe kimoja cha kuondoa rangi. Upeo wa macho unapotea. Bahari na mbingu vinakuwa utando mmoja wa kijivu, na ngalawa iliyokuwa ikielea inaonekana imetundikwa hewani. Wengi wakifika hapo huiacha, wakisema picha hii haifai kwa weusi na weupe. Uamuzi huo umekuja mapema mno. Hapo hazijalinganishwa picha mbili. Imelinganishwa picha iliyotengenezwa na picha iliyonyang'anywa kitu.

Kwa nini upeo unapotea? Jambo hili lina hesabu yake. Kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Fomula ya kawaida ya kugeuza huchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, kwa kuwa jicho la binadamu linaona kijani kuwa na mwanga zaidi ya rangi nyingine. Tuseme maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe yana 64, 190, 190. Mbingu juu yake 110, 165, 220. Mchanga 230, 215, 190. Ukipiga hesabu, maji yanapata kijivu cha 152, mbingu 155, mchanga 217. Tofauti ya hatua tatu kati ya 255 haionekani kwa urahisi kwa jicho. Maji na mbingu vilikuwa vikitenganishwa na rangi tu. Kwa mwanga vilikuwa sawa tangu mwanzo.

Sasa tazama chaneli moja moja, yaani namba ya kila rangi peke yake. Ukitumia nyekundu peke yake, maji ni 64, mbingu 110, mchanga 230: bahari nzito, karibu nyeusi, na ufuo unaong'aa. Ukitumia kijani peke yake, maji ni 190, mbingu 165, mchanga 215: bahari imekuwa nyeupe kuliko mbingu, jambo linalokaribia zaidi hisia ya mtu aliyesimama pale kwenye jua. Ukitumia buluu peke yake, mbingu ni 220, maji 190 na mchanga nao 190, na safari hii kinachopotea ni ukingo wa maji na ufuo. Yaani ndani ya faili moja la rangi mna picha tatu za weusi na weupe zilizo tofauti kabisa, na katikati yake mna nyingine zisizo na idadi. Mchanganyiko unaofaa kuanzia kwa pwani ya mashariki ni nyekundu 60, kijani 40, buluu 0. Kwa namba zetu unatoa maji 114, mbingu 132, mchanga 224. Vitu vitatu, vijivu vitatu. Hapo ndipo ulinganishaji unaweza kuanza.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kitu kimoja kuhusu picha za zamani za visiwa hivi. Karne ya 19, wakati studio kama ya A. C. Gomes zilipokuwa zikifanya kazi Unguja, bamba za kioo za kupigia picha zilikuwa zikiona buluu zaidi ya rangi nyingine zote, na nyekundu hazikuiona. Ndiyo maana kwenye picha nyingi za zama zile mbingu ni nyeupe tupu na udongo ni mweusi. Hali ya hewa haikuhusika. Ni tabia ya kemikali. Filamu zinazoona rangi zote zilienea baadaye, katika karne ya 20, na hapo ndipo mawingu yalipoanza kuonekana kwenye picha kama tunavyoyaona kwa macho. Anayetaka sura ile ya kale kwenye faili la leo atumie chaneli ya buluu, ajue tu kwamba anachukua na upofu wake. Na anayetaka kuona kijivu kilichofanyiwa kazi kwa mkono, aingie Capital Art Studio, Mji Mkongwe, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, asimame mbele ya picha zilizotundikwa bila haraka.

Saa ya kupiga ndiyo inayoamua zaidi ya programu yoyote. Ushauri unaozunguka kila mahali ni kulikimbia jua la mchana. Kwa picha ya rangi ya Jambiani, Bwejuu au Paje, ushauri huo unakunyima picha yenyewe. Feruzi inatokea kwa sababu maji ni haba juu ya mchanga mweupe wa matumbawe: mwanga unashuka, maji yanameza sehemu yake nyekundu, mchanga unarudisha kilichobaki. Ili mwanga ushuke, jua lazima liwe juu, tuseme kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Jua likiwa chini, uso wa maji unaakisi mbingu badala ya kupitisha mwanga, na ile feruzi haipo tena. Kuna rangi ya fedha, au ya risasi ikiwa kuna wingu. Kwa hiyo mpangilio wa siku kwenye pwani ile ni huu: alfajiri na mawingu mazito ni ya weusi na weupe, mchana mweupe ni wa rangi. Zanzibar iko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi, kisha tena katika siku kumi za mwanzo za Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Siku hizo minazi haina kivuli cha kutazamika, sura za watu zina mashimo meusi machoni, lakini maji yana rangi ambayo hutaipata mwezi wa Juni.

Kichujio cha polaraiza, kioo kinachozungushwa mbele ya lenzi ili kukata mng'ao na kukoleza mbingu, kina nguvu ya pekee saa hizo. Mbingu hukolea zaidi kwenye ukanda ulio digrii 90 kutoka lilipo jua. Jua likiwa utosini, ukanda huo unalala kando ya upeo wa macho pande zote, kwa hiyo mbingu inakolea sawasawa kutoka kushoto hadi kulia hata kwa lenzi pana. Asubuhi au jioni mambo hubadilika: kwa lenzi ya milimita 24 au chini ya hapo utapata doa jeusi upande mmoja wa mbingu na weupe upande mwingine. Kwenye picha ya rangi doa hilo huvumilika kidogo, kwa kuwa jicho linasema "ni buluu tu." Ukigeuza kuwa kijivu linakaa wazi, na kulitoa ni kazi ya nusu saa. Polaraiza inakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga (kila stopu hukata mwanga kwa nusu), basi usishangae shata kuchelewa.

Vichujio vya rangi vya kioo, vile vya njano, machungwa na nyekundu, ni vya filamu. Kwenye filamu, njano namba 8 inataka stopu moja zaidi na nyekundu namba 25 inataka tatu. Kwenye kamera ya kidijitali usivitumie. Sensa ya kawaida ina nusu ya vipokezi vyake kwa kijani, robo kwa nyekundu, robo kwa buluu. Ukifunga kioo chekundu mbele yake unaacha robo ifanye kazi ya wote. Fanya kazi hiyo baadaye kwenye programu, na faili lako la rangi litabaki salama.

Pemba ni habari nyingine kabisa, na kwangu ndiyo ngumu zaidi. Unguja ya pwani ina vitu vitatu vilivyotengana: mchanga, maji, mbingu. Pemba ya bara, njia ya kutoka Chake Chake hadi Wete, ni kijani juu ya kijani: mikarafuu, migomba, minazi, mpunga bondeni, na udongo mwekundu ukichungulia katikati. Kwa rangi, barabara nyekundu inayopanda kilima ndiyo uti wa picha. Igeuze kwa fomula ya kawaida. Udongo wa 170, 95, 60 unapata 114, na majani yenye jua ya 95, 130, 55 yanapata 111. Barabara imefutika. Hapo chaneli ya nyekundu inaokoa, kwa kuwa inaipa njia 170 na majani 95. Chaneli ya kijani inafanya kinyume, majani 130 na njia 95: njia inakuwa ukanda wa giza kwenye shamba linalong'aa. Zote mbili ni halali. Ninayoichagua mimi mara nyingi ni ya kwanza, kwa sababu njia inayong'aa inaliongoza jicho mpaka juu ya kilima, na njia nyeusi inalisimamisha.

Kosa la kawaida kwa majani ni kuvuta kitelezi cha kijani na kungoja matokeo. Majani mengi ambayo sisi tunayaita kijani, programu inayahesabu kwa kiasi kikubwa kuwa njano. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha ambayo kwa weusi na weupe ina vitelezi vinane vya rangi, ongeza njano kwa 20 hadi 35 kwanza, kisha kijani kidogo, na utaona mikarafuu inajitenga na kivuli chake. Msimu wa majani machanga ya mkarafuu, yale yenye wekundu wa waridi, vitelezi vya nyekundu na machungwa vinaigusa miti yenyewe na siyo udongo tu, basi tazama unachoharibu upande wa pili.

Msitu wa Jozani na wa Ngezi unanishawishi kubaki na rangi, isipokuwa siku ya wingu. Jua likipenya kwenye majani hutupa mabaka meupe kila mahali. Kwa rangi, kijani kinayaunganisha mabaka hayo. Bila rangi, kila baka linadai kutazamwa na picha inakuwa chengachenga. Siku ya wingu baada ya mvua ya masika hali inageuka: mwanga laini, vigogo vilivyolowa na kuwa vyeusi, majani yenye mng'ao hafifu. Hapo weusi na weupe unashinda, na hauhitaji kulazimishwa.

Mikoko ya Ghuba ya Chwaka sioni sababu ya kuisumbukia kwa rangi maji yakiwa yamekupwa. Tope ni kahawia, mizizi ni kahawia, na uzuri wote uko kwenye mistari ya mizizi na vidimbwi vinavyoakisi mbingu. Vivyo hivyo mawe ya matumbawe yaliyoliwa na bahari chini yakabaki na ukingo juu, na mbuyu uliopukutisha majani wakati wa kiangazi, ambao gome lake lina mng'ao wa fedha wenyewe. Magofu ya Ras Mkumbuu nayo yamo kwenye kundi hili. Machweo ya Kendwa yako kundi la pili: toa ule wekundu na kilichobaki ni weupe usio na jambo, labda kama kuna wingu kubwa la vuli lenye umbo. Usichelewe kufungua begi, kwa sababu jua la huku linashuka wima na baada ya kuzama una kama dakika 20 tu za mwanga wa maana.

Kupwa kwa bamvu, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huangukia mara nyingi saa 4 au saa 5 asubuhi. Ndiyo saa ambayo mashamba ya mwani yanakuwa wazi, vigingi na kamba vikionekana kwa mistari hadi mbali. Kwa weusi na weupe, piga ukilielekea jua, vigingi viwe vyeusi na maji yaliyobaki yawe meupe. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili za stopu ili ule mng'ao usiungue. Kwa rangi, geuka, jua liwe mgongoni. Ni sehemu moja na dakika moja, lakini picha mbili zinataka usimame pande mbili tofauti. Na wanaofanya kazi pale wasalimiwe kwanza na waombwe ruhusa kabla kamera haijatoka.

Sasa namna ya kutengeneza matoleo yote mawili kutoka faili moja. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kamera nyingi zinakuruhusu kuiweka skrini kwenye mtindo wa monokromu huku RAW ikihifadhi rangi zote; fanya hivyo ukitaka kuona kijivu papo hapo, ingawa skrini inatumia fomula ya kawaida na itakudanganya kuhusu upeo wa Paje kama tulivyoona. Tazama histogramu (grafu ya mwangaza) ya chaneli tatu, siyo ile moja ya jumla, kwani mchanga na mawingu huunguza chaneli ya nyekundu au ya kijani kabla ya ile ya jumla kukuonya.

Kwenye programu, rekebisha mizani ya weupe kabla ya kugeuza. Wengi huiruka hatua hii wakidhani haina kazi bila rangi. Ina kazi kubwa: ukipasha picha joto kuelekea njano, buluu inapungua na mbingu inakuwa nyeusi zaidi, ukiipoza, mbingu inapanda na udongo unashuka. Kisha punguza chenga za rangi, vile vidoadoa vya rangi, kisha tengeneza nakala ya pili ya faili, na hapo ndipo ugeuze ile nakala. GIMP ina Mono Mixer yenye nyekundu, kijani na buluu. Ukitaka mwangaza wa jumla usibadilike, hakikisha namba tatu zinajumlika kuwa 1, yaani asilimia 100. Darktable, ambayo nayo ni ya bure, inakupa namba hizohizo tatu. Kwenye simu, Snapseed ina chaguo la kuweka kichujio cha rangi ndani ya zana ya weusi na weupe, na hiyo moja inaipita mitindo yote ya "mono" inayokuja na simu, ambayo kwa kawaida huondoa rangi tu na kuongeza giza.

Kinachoharibika zaidi ni mbingu, na sababu ni tamaa. Mtu anakishusha kitelezi cha buluu hadi 80 chini ya sifuri ili apate mbingu ya dhoruba. Zinakuja chenga nzito, halafu mstari mweupe unaozunguka kila kuti la mnazi. Chenga zinatoka kwenye tofauti ndogo za rangi kati ya pikseli na pikseli, ambazo hukuziona zikiwa rangi, na sasa umezigeuza kuwa tofauti za mwanga. Mstari mweupe unatoka kwenye pikseli za ukingo zilizo nusu mnazi nusu mbingu: programu haizitambui kuwa buluu, kwa hiyo zinabaki nyeupe wakati jirani zake zinazama. Kwenye JPEG hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kwa kawaida JPEG inahifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, na ukingo wa rangi haukai palipo ukingo wa mnazi. Ishia kwenye 30 au 40 chini ya sifuri, na giza lililobaki litafute kwa polaraiza au kwa kivuli kinachoteremka kutoka juu ya picha. Ipanue hadi asilimia 100 na ufuatilie makuti moja moja kabla ya kuridhika. Madoa ya vumbi la sensa nayo yatajitokeza mbinguni wakati huo. Yafute kwenye matoleo yote mawili.

Ukungu wa chumvi wakati wa kusi unahitaji neno lake. Ukungu mwembamba hutawanya buluu zaidi ya nyekundu. Kwa hiyo chaneli ya nyekundu inauchana na kuleta karibu vilima vya mbali, na chaneli ya buluu inauzidisha. Kwa vilima vya Pemba vilivyopangana, kimoja nyuma ya kingine, huo uzidishaji ndio unaotakiwa: jaribu nyekundu 20, kijani 40, buluu 40, na kila kilima kitakuwa na kijivu chake, hafifu zaidi kadiri kinavyokuwa mbali. Kwa rangi vilima hivyo mara nyingi huonekana vimefifia tu.

Wakati wa kulinganisha wenyewe, matoleo mawili yawe na ukubwa mmoja na mwangaza wa jumla mmoja, juu ya ukurasa wa kijivu cha kati. Lenye mwanga zaidi linashinda kila mara hata kama ni baya, na huo ni ushindi wa bure. Usiyaweke ubavuni kwanza. Feruzi iliyo kando ya kijivu inavuta jicho lote, na kijivu hakipati haki. Litazame la weusi na weupe peke yake, dakika moja nzima, mpaka jicho lizoee. Ndipo ulifungue la rangi. Baadaye yapunguze yote mawili yawe na upana wa stempu. Toleo ambalo bado unajua ni picha ya nini kwa ukubwa huo ndilo lenye mifupa. Halafu jiulize kitu kimoja tu: jicho lilipotua mara ya kwanza, lilitua juu ya rangi au juu ya mwanga? Ufuo wa Vumawimbi, Pemba, adhuhuri, jibu ni rangi. Mnara wa taa wa Ras Kigomasha chini ya wingu la masika, jibu ni mwanga. Ikiwa huwezi kujibu, picha yenyewe bado haijapata mhusika, na kubadili toleo hakutaisaidia.

Kwa kuchapisha, hifadhi toleo la kijivu kama TIFF ya biti 16 ili mbingu isipate ngazi. Duka la kusafisha picha litakuchapia kwenye karatasi ya rangi, na kijivu kitapata kivuli kidogo cha kijani au cha waridi. Agiza kwanza ya sentimita 10 kwa 15, itazame kando ya dirisha mchana, siyo chini ya taa ya dukani. Vivuli kwenye karatasi isiyong'aa vinazama, kwa hiyo vipandishe kidogo kabla ya kutuma. Kijivu kikielekea kijani, mwombe fundi aongeze majenta hatua moja, kisha arudie kwa karatasi ileile.